Skrini ya Upande wa Wateja

Apua ni wifi yangu. Wifi wa ndoa, si ile ya mtandao, maana watu wa Lodwar wakisikia tunafanya biashara ya kompyuta wananitania hapo hapo. Ni dada ya mume wangu, na kichwa kigumu kuliko chake bado sijakutana nacho. Yeye anachapa, mimi natoa kopi. Kibanda chetu ni cha mabati. Mteja anasimama nje ya dirisha la wavu, anataja mambo yake, Apua anayajaza kwenye fomu ya serikali mtandaoni. Yule wa nje anaona mgongo wa skrini tu.

Ndivyo tulivyompata Ebei, mtu ambaye hayupo duniani. Mzee Ebenyo alikuja kumwombea binti yake, Abei, cheti cha kuzaliwa. Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma. Sisi Waturkana tunajua: Abei ni msichana, Ebei ni mvulana, tofauti ni ile herufi moja ya mwanzo, A ya kike, E ya kiume. Apua akasikia vibaya, akapaza sauti: "Ebei, mvulana, sivyo?" Mzee hakusikia chochote. Akajibu, "Sawa, sawa." Cheti kikatoka hivyo. Shuleni walikikataa, mtihani ukapita, mtoto wa watu akapoteza mwaka mzima.

Siku Ebenyo aliporudi, alipiga kelele hadi wauza makaa wakaacha makaa yao. "Umegeuza binti yangu! Mwaka huu asipofanya mtihani, anarudi Lokiriama kwa nyanya yake, achunge mbuzi. Maneno ya shule imeisha!"

"Mzee, nitarekebisha leo," Apua akasema.

"Leo? Wewe uandike, mimi niseme sawa tena? Kitu sioni, siwezi sema sawa. Siku mtoto wangu ataona jina yake na macho yake, ndio utatuma." Akaondoka. Kuandikisha watahiniwa kulikuwa kunafungwa mwisho wa mwezi.

Nikamwambia Apua, "Wifi, si umwite huyo msichana aingie ndani asome, tumalizane?"

"Na wengine je?" akanijibu. "Kesho nitamgeuza nani?"

Nilinuna, kwa sababu alisema kweli na mimi sipendi kushindwa.

Akapanda gari la Kakuma. Kule kwenye kambi ya wakimbizi kuna Gatwech, kijana wa Sudan Kusini anayeuza kompyuta zilizotumika. Apua akarudi ameipakata skrini ya pili, ya wateja, kama mtoto, vumbi hadi kwenye kope.

Weh! Hapo ndipo kazi ilipoanza. Waya wa skrini ulikataa kuingia nyuma ya kompyuta, tundu lilikuwa la aina nyingine. Akazunguka mji wote kwenye jua lile akitafuta adapta. Akaipata. Tukaigeuza skrini itazame dirishani, ikawaka, mteja wa kwanza akaitazama kwa muda, akasema, "Mlima mzuri." Lo! Ilikuwa inaonyesha picha ya mlima na hakuna kingine. Kompyuta ilidhani imeongezewa nafasi tu ya kujinyoosha, haikujua kuna mtu upande ule anasubiri kusoma.

Apua akaingia kwenye mipangilio, akachagua skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Ikakubali, tukashangilia. Sasa mimi na mdomo wangu, nimekaa pale kwenye mashine ya kopi, nikamtumia ujumbe wa WhatsApp: "Huyu mama anasumbua, mmalize aende." Sikujua WhatsApp yake iko wazi kwenye kompyuta. Ujumbe ukatokea pande zote mbili. Mama wa dirishani akausoma kwa sauti ile ya kusoma somo kanisani, kisha akauliza, "Nani anasumbua?" Niliona aibu mpaka nikainama chini ya meza kutafuta karatasi ambayo haikuanguka.

"Ng'oa hicho kitu, wifi," nikamwambia baadaye. "Turudi tulivyokuwa."

"Sing'oi."

Akarudisha ule mpangilio wa kwanza, wa skrini kuongezana, lakini sasa akajifunza kuuvuta ukurasa wa mteja peke yake hadi upande wa pili. Mwanzoni kishale cha kipanya kilikuwa kinampotea. Skrini iko kushoto, kompyuta inaamini iko kulia, anavuta huku kinatokea kule. Akapanga upya, akakuza herufi, akajaribu tena na tena, hata chai niliyomtengenezea hakuigusa. Ungedhani huyo Abei alimzaa yeye.

Mwezi ukiwa haujaisha, tukamtumia Ebenyo habari, akaja, Abei mbele yake na sare ya shule. Apua akaanza kuandika. Akauvuta ukurasa upande wao. Abei akasogeza uso kwenye wavu, akasoma kwa sauti, "Jina, Abei. Jinsia, kike." Mzee akaitikia kwa kichwa. "Jina la baba..." Msichana akaweka kidole kwenye wavu.

"Anti," akasema, "hapa umeandika Abenyo. Baba yangu si mwanamke."

Apua akashika mdomo. Watu kwenye foleni walianza kucheka, na mimi nikajua sasa tumekwisha, sasa huyu mzee atabomoa kibanda.

Ebenyo hakuitazama skrini hata kidogo. Alikuwa anamtazama binti yake. "Umeona hiyo wewe?"

"Nimeona."

"Hakuna mtu amekuambia?"

"Nimesoma mwenyewe, baba."

Akawageukia wale watu wa foleni. "Mmesikia? Huyu anasoma! Yule wa kompyuta amekosea, na huyu wangu ameona!" Akaupiga wavu kwa kiganja. "Lokiriama haendi huyu. Haendi!"

Kisha akaweka mkono kwenye bega la Abei, akamwambia Apua, "Andika tena, mama. Yeye atakuambia."

Apua akajifuta macho kwa mkono wa blauzi, na Abei akaanza kumtajia herufi, moja baada ya nyingine.