Mpira Alionipa Nahodha

Jana dukani nilinusa mpira mpya wa kikapu, nikaurudisha rafuni kama umeniunguza. Harufu ileile ilijaa kwenye pikapu siku timu yetu ya wasichana ilipotoka mtaani kwetu Kator kwenda mechi ya ugenini. Vita vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alitaka kila mmoja wetu amsalimie kwa lugha ya kwao, apate kujua kabila la kila mchezaji. Nahodha alipomsalimia kwa lugha ya kabila walilopigana nalo, askari alibweka: "Inzil! Shuka!"

Nahodha alinipa mpira, akashuka, akamtazama kocha. Yule mwoga akagonga bodi ya gari: "Dereva, twende! Mechi iko saa tisa."

Nahodha hatukumwona tena.

Nafasi yake nilipewa mimi, mchezaji wa akiba. Tulishinda. Kocha akatununulia soda, eti tumejituma.

Yangu niliinywa yote.