Kidole Changu Kilinitangaza Mgonjwa Chake Chake Nzima

Ushawahi kurudi kutoka kazini ukakuta watu wanakusomea Yasini?

Mimi yamenikuta. Hapa hapa Chake Chake. Ukumbini majirani wamejaa, jikoni kunapikwa uji, na mama mkwe wangu, Bi Time, anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Nikamuuliza mke wangu, Khairiya, "Nani mgonjwa?"

Wote wakanitazama.

Mgonjwa nilikuwa mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana upuuzi huu niliupika kwa mikono yangu mwenyewe.

Naitwa Hija. Ni muuguzi wa afya ya akili kwenye kituo kimoja kidogo. Bima ya afya ya serikali ilipoanza, nilipelekwa Unguja kusomea mashine ya alama za vidole. Mgonjwa anaweka kidole, mfumo unamtambua, dawa zinatoka, kituo kinalipwa. Bila kidole, hakuna kitu. Niliporudi nilitembea mabega juu, ungedhani mashine nimeiunda mimi.

Siku moja akaja Bi Mwanawema wa Pujini. Mkononi ana kanzu ya mwanawe, Ngwali, kaikunja vizuri.

"Daktari, mwanangu hataki kuja. Nimekuletea kanzu yake."

Nikaelewa. Kwa waganga ndivyo tunavyofanya: mgonjwa akishindwa kwenda, nguo yake inakwenda badala yake, inasomewa.

"Bi Mwanawema, mashine inataka kidole. Kanzu haina kidole."

"Haya, miye vidole n'navyo. Tia changu."

Nilitaka kucheka, uso wake ukanizuia. Ngwali akipata sindano yake ya kila mwezi ni mtu na akili zake, analima, anatania watu. Akiikosa halali, hali, anaondoka ovyo. Mara ya mwisho watu walimfunga kamba, na alama bado anazo mikononi. Mama yake alikuwa akiiogopa kamba ile kuliko maradhi.

"Kwa nini hataki?"

"Aona haya, mwanangu. Mlango wenu huu watazamana na soko."

Kesho yake nikabeba mashine mpaka Pujini. Mjanja mimi!

Nikamkuta Ngwali uani anamenya muhogo.

"Sitii kidole," akasema. "Hiyo itaandika chamba miye mwendawazimu, halafu kila mtu ajue."

"Nani ajue, Ngwali? Hii siri. Wengi hukataa mwanzoni. Tena haiumi, tazama."

Nikaweka kidole changu.

Mashine ikalia, ikawaka kijani. Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa huduma ya akili, na mimi mwenyewe ni mwanachama wa bima. Mfumo haukuwa na swali.

Ngwali akaingia ndani, akafunga mlango. Nikarudi mjini mikono mitupu, wala sikuwa na habari kwamba nimeshatibiwa.

Meseji ya bima haikuja kwangu. Siku ya kujiandikisha simu yangu ilikuwa imetumbukia chooni, nikaandika namba ya Khairiya. Ikamfikia yeye: "Ndugu Hija, umepatiwa huduma ya afya ya akili. Tunakutakia nafuu ya haraka."

Khairiya akamwambia mama yake tu. Mama yake akamwambia dada yake tu. Jioni ndiyo ile Yasini.

"Mimi mzima!" nikapiga kelele.

"Ndiyo, baba," Bi Time akaniambia kwa upole. "Kunywa uji."

Nikapiga simu ofisi ya bima. "Dada, nifutieni. Mimi si mgonjwa, mimi ndiye muuguzi!"

"Pole sana, kaka. Wengi hukataa mwanzoni. Hapo ulipo una mtu wa karibu?"

Nikakata simu.

Mjini ikawa balaa. Muuza urojo, aliyezoea kunitania, akaanza kuniongelesha polepole kama anamlaza mtoto. Nikaanza kupita mlango wa nyuma. Mimi, niliyemwambia Ngwali "nani ajue", nanyemelea uchochoroni nisionekane naingia chumba changu cha kazi! Niliumia. Na nikamkumbuka yule kijana na mlango wake uliofungwa.

Hatimaye bima wakanijibu: kosa limerekebishwa, jina limefutwa. Asubuhi ile nikapita mbele, kifua wazi, simu mkononi, tayari kumwonyesha soko zima.

Kwenye benchi la mlangoni kakaa mtu.

Ngwali. Kavaa kanzu ile ile.

"Nimesikia na weye unayo," akaninong'oneza.

"Hapana, Ngwali. Ile mashine ilikosea, mimi si..."

Akanishika bega.

"Wengi hukataa mwanzoni. Uliniambia mwenyewe. Twende, tuingie wote."

Soko lote linatazama. Meseji ninayo mkononi. Nikaitia simu mfukoni.

Tukaingia. Akanikalisha kwenye kiti cha mgonjwa, akaivuta mashine, akaweka kidole chake.

"Tazama," akaniambia. "Haiumi."

Sindano akapata. Mwezi uliofuata akaja tena, na mpaka leo anakuja, huku akiniuliza mimi naendeleaje. Bi Time naye hajaacha kuleta uji. Nimechoka kubisha, nakunywa.

Funzo? La kwanza, kwenye bima andika namba yako mwenyewe. La pili, kama nyumbani una mtu anayeona haya kwenda kutibiwa, usimdanganye kwamba hakuna atakayemwona. Watamwona. Nenda ukakae naye benchini, muonekane wote.