Imeandaliwa, Imepitiwa, Imeidhinishwa

Chini ya kila ripoti ya kampuni yetu kuna mistari mitatu: Imeandaliwa na, Imepitiwa na, Imeidhinishwa na. Jina langu limeshakaa kwenye yote mitatu. Nilianza kwa kuandaa, nikapanda kwenye kupitia, na mwaka jana wakanipa ofisi yenye mlango wa kioo ili niidhinishe. Nikiulizwa leo mchambuzi wa fedha anafanya nini katika kila ngazi, ninayo majibu mawili, na moja nimelificha miaka yote hii.

La kwanza ni la usaili. Mchambuzi msaidizi hukusanya takwimu na kuziingiza kwenye jedwali. Mchambuzi mwandamizi huzipitia, hutafuta zinasema nini, hukadiria miezi ijayo. Meneja huidhinisha na kuishauri bodi. Vijana wanaokuja kuomba kazi hunisikiliza wakiitikia kwa vichwa, wengine wanaandika kabisa. Mimi huku mdomo umenichachukia kama niliyekunywa maziwa ya juzi.

Kampuni inanunua dagaa kwenye mialo ya ziwa, pale mitumbwi inaposhusha mzigo, inawaanika, inawafungasha. Wazuri wanakwenda madukani, waliobaki wanasagwa kuwa chakula cha kuku. Nilipoajiriwa sikujua lolote kuhusu dagaa zaidi ya kuwala. Mimi ni mtoto wa Kagera, kwetu ni migomba na kahawa. Baba ni mwalimu mstaafu, mama ni mzee wa kanisa. Waliposikia binti yao amekuwa mchambuzi wa fedha Mwanza, ibada ya Jumapili ilisimama kwa dakika kadhaa nikaombewa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Mabatini, kule juu ambako ngazi zimechongwa kwenye jiwe, na nilikuwa na blauzi mbili nyeupe nilizozivaa kwa zamu.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kituo kimoja cha Ilemela. Kilikuwa banda la mabati kando ya maji, mizani moja, na chanja ndefu za nyavu ambazo dagaa huanikwa juu yake. Wanawake kama thelathini walikuwa wakifanya kazi pale kwa ujira wa siku. Bodi ilitaka kujua kama kituo kibaki au kifungwe. Nilitumwa nikakae wiki mbili, nihesabu magunia yanayoingia kila siku na niandike wafanyakazi wanafanya nini kila saa. Karatasi yangu ndiyo ingeamua wale wanawake watakula wapi, na niliambiwa hivyo waziwazi kama sifa, kwamba binti mdogo nimeaminiwa jambo zito.

Siku ya kwanza hakikuingia kitu. Nikaandika sifuri. Siku ya pili sifuri, ya tatu nusu gunia la dagaa waliochanganyika na konokono. Wanawake walikuwa wamekaa kivulini, huyu anashona nyavu za chanja, yule anafua magunia, wengine wanapiga soga. Kwenye safu ya shughuli niliandika, kwa herufi safi za chuo kikuu, kwamba wafanyakazi hawana kazi. Nilijiona mtu makini sana. Nikikumbuka ule umakini wangu natamani kujizaba kibao.

Siku ya nne, mama aliyekuwa kiongozi wao alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Ukerewe, mwenye mikono iliyokauka kwa maji na jua. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza naandika nini. Nikamweleza. Akacheka, halafu alipoona sijacheka akaacha.

"Mwanangu, umekuja mwezini," alisema. "Dagaa anafuata taa, na taa inamwita gizani. Mwezi ukiwa mkubwa hivi anatawanyika, hata ukiwasha taa mia haji. Mitumbwi yote imelala. Siku kumi na mbili, wiki mbili hivi, hakuna kitu."

Akanionyesha chanja tupu kwa kidevu. Akasema giza likirudi pale hapakanyagiki, wanaanika mpaka kwenye mawe, na wanaitana hadi na dada zao wa Kirumba waje kusaidia. Alitaka nirudi wakati huo nihesabu tena. Kama nisingeweza kurudi, basi niandike tu kwamba nilikuja wakati wa mbalamwezi, kila mtu ataelewa. Nikamwambia nitaandika. Aliingia bandani akatoka na dagaa wa akiba yake, akanichotea viganja viwili kwenye mfuko.

Niliomba ofisini niongezewe wiki mbili. Mchambuzi mwandamizi, dada mmoja mpole aliyekuwa bosi wangu wa karibu, alisema posho ya safari imekwisha. Sawa. Nikaandika ripoti, na aya ya kwanza kabisa ilisema kwamba takwimu zote zilichukuliwa siku za mbalamwezi, ambazo mitumbwi haiendi ziwani, kwa hiyo zisitumike peke yake kuamua lolote. Nilijivunia aya ile kuliko cheti changu.

Sasa niseme jinsi ofisi yetu inavyofanya kazi, maana hapo ndipo uchafu ulipo. Aliye juu hagusi kazi ya aliye chini. Akiona kitu hakitaki, hakifuti yeye. Anairudisha ripoti ikiwa na neno moja jekundu pembeni, *Rekebisha*, na aliyeandaa ndiye anayerekebisha kwa mkono wake. Kompyuta inaweka kumbukumbu ya nani amebadilisha nini na saa ngapi. Kwa hiyo ukifukua ripoti yoyote mbovu ya kampuni hii, alama za vidole utakazozikuta ni za yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Tunauita utaratibu huu heshima kwa kazi ya mwenzako.

Yule dada alirudisha ripoti mara tatu. Mara ya kwanza aya yangu ihamie mwisho. Mara ya pili ifupishwe iwe sentensi. Mara ya tatu iwe tanbihi, ile ya herufi ndogo ambazo mtu akivaa miwani bado anakunja uso. Kila mara alikuja mezani kwangu na kikombe cha chai akiniuliza habari za nyumbani. Alikuwa mtu mzuri, alinifundisha kutengeneza grafu, na aliponihimiza niuondoe ukweli kidogo kidogo alifanya hivyo kama mtu anayekutoa mwiba. Nilimshukuru, mjinga mimi.

Ripoti ikapanda kwa meneja, naye akairudisha. *Rekebisha*, na mshale mwekundu kwenye tanbihi. Nilikwenda kumwona mchana. Nikamkuta anakula. Mke wake humfungashia chakula kwenye hotipoti, na siku ile ilikuwa ugali na dagaa wa karanga. Alinikaribisha, nikashukuru nikasema nimeshakula. Alikuwa mtu wa visiwani, baba yake alikuwa na mitumbwi, na mwenyewe aliwahi kutusimulia kwamba ada yake ya sekondari ilitoka kwenye dagaa. Akamega tonge, akachovya, akalalamika kwamba mke wake anamfilisi: kikopo cha dagaa sokoni kimepanda karibu mara mbili. "Si unajua, ni mbalamwezi hii," alisema, akameza.

Nilidhani kanitania. Nikamwambia taratibu kwamba hicho anachokisema ndicho kilichoandikwa kwenye tanbihi aliyoirudisha.

"Binti yangu, mimi nimezaliwa mtumbwini," alisema akijifuta vidole kimoja kimoja. "Hicho nakijua kuliko wewe na aliyekwambia. Bodi nao wanakijua, nusu yao ni watu wa hapa hapa. Ila kiwanja kile kimeshapata mnunuzi. Wanataka hesabu, hawataki mafunzo ya uvuvi."

Nikamuuliza kama hivyo ndivyo, kwa nini asiifute mwenyewe. Alionekana kushangaa kweli, kama niliyemwomba anipigie mswaki.

"Mimi sifuti kazi ya mtu," alisema.

Nilirudi nyuma hatua moja kuikwepa harufu ya zile karanga. Hata leo dagaa wa karanga siwezi kuwakalia meza moja. Lakini kinyaa chenyewe hakikuwa cha chakula. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba watu wakubwa hukosea kwa kutojua, na kazi yetu sisi wa chini ni kuwajulisha. Kumbe mle ndani hapakuwa na mtu asiyejua. Mfagizi alijua, dereva alijua, mke wa meneja alijua, bodi ilijua. Jambo lililojulikana kwenye kila jiko la Mwanza lilikuwa haliruhusiwi kupanda ngazi za ofisi yetu. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwenye kushika kombe ni mimi.

Nilirudi mezani. Ningeweza kukataa. Ningeweza kuacha kazi nikarudi kwa baba nikavune kahawa. Nilifikiria kodi ya chumba, nikafikiria kanisa zima lililosimama kuniombea, na hayo yote ni visingizio, maana sikufikiria hata kwa nusu saa. Nilibonyeza kitufe, tanbihi ikatoweka, nikatuma. Bodi iliisifu ripoti kwa kusomeka vizuri.

Kituo kilifungwa. Mabati yakang'olewa, pakajengwa bustani ya vinywaji yenye viti vya plastiki na choo cha vigae. Mimi baada ya muda nilipandishwa, na barua ilisema nimeonyesha uwezo wa kuandika kwa ufupi.

Hilo ndilo jibu langu la pili. Msaidizi ni mkono unaofuta. Mwandamizi ni yule anayekufundisha kufuta bila kuumia, na kazi hiyo niliifanya miaka sita, nikiwa na kikombe changu cha chai, nikiuliza habari za nyumbani. Nilikuwa hodari. Wasichana walinipenda, waliniita dada. Meneja ni mtu anayejua kila kitu na ambaye mikono yake ni misafi. Alipostaafu yule mzee nilitoa hotuba ya kumuaga, nikasema ametulea. Watu walipiga makofi, na mimi kuku wa sherehe nilimla.

Mwezi uliopita mchambuzi msaidizi wetu mpya, binti wa Kisukuma aliyetoka chuo mwaka huu, aliniletea ripoti ya kituo kingine ambacho bodi imekichoka. Imeandaliwa na yeye, imepitiwa na mwandamizi wake. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na tanbihi: takwimu hizi zilichukuliwa wakati wa mbalamwezi.

Ningependa kusema kwamba nilisimama, kwamba safari hii mtu wa juu alikataa kuirudisha. Nilichukua kalamu nyekundu. Alipokuja kuniuliza kwa nini, uso umemshuka, nilimwambia akae, nikamwuliza mama yake anaendeleaje. Akanijibu mama hajambo, halafu akaniuliza kama siwezi kuifuta mwenyewe, kwa kuwa yeye mkono unakuwa mzito.

"Mimi sifuti kazi ya mtu," nilisema, na sauti ilitoka laini, imelainika kwa miaka.

Kupitia mlango wangu wa kioo nilimwona akikaa kwenye kompyuta yake. Alikaa muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi. Kisha ripoti ikaingia kwangu, safi, nikaisaini.

Jumamosi ile nilikwenda sokoni Mkuyuni kununua mboga. Nilikuwa nachagua nyanya nikasikia mtu ananiita yule binti wa kuhesabu. Nikageuka. Alikuwa yule mama wa kituo, ameketi chini nyuma ya turubai dogo lenye mafungu ya dagaa, nywele zimekuwa nyeupe. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa furaha, akanishika mkono hakuuachia. Alisema kituo kilipofungwa wengine walirudi visiwani, wengine hajui walikokwenda, yeye ndiyo hivyo, anachukua kidogo kidogo anauza. Alisema bila kulalamika. Nikaomba mafungu mawili, kwa aibu tu, kwa kuwa sikuyahitaji. Akaniambia nisishtuke na bei, ni mwezi.

Alipokuwa ananifungia aliinua macho.

"Mwanangu, lile neno la mwezi. Uliliandika?"

Nilikuwa nimeandika aya nzima, hilo ni kweli. Nilikuwa na sekunde mbili za kusema sehemu iliyobaki, na nilikuwa mtu mzima mwenye cheo, hakuna wa kunifukuza kazi pale sokoni.

"Niliandika, mama," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akilijua jibu siku zote na amefurahi kulisikia. Alisema basi wakubwa hawakusoma, na wakubwa ndivyo walivyo. Akamgeukia jirani yake wa vitunguu akamwambia huyu unayemwona ndiye aliyetuandikia. Jirani akanisalimu kwa heshima. Kisha yule mama akaufungua tena mfuko wangu, akaingiza mkono kwenye dagaa wake wa bei ya mwezi, akaniongezea viganja viwili bure.

Nilivipokea.