Wasifu Uliokwama Nyuma ya Kioo Cheusi

Dada yangu ndiye aliyeniambia kwanza kwamba laptopu yenye mfumo wa Linux inaweza kulala ikakataa kuamka. Jumatano nikajionea kwa fundi wa Kitale. Mwalimu mmoja alikuwa ameikumbatia yake. Aliifunika kidogo tu, alipoifunua kioo kikabaki cheusi, na ndani mlikuwa na wasifu wa marehemu mamake, haujahifadhiwa. Mazishi yalikuwa kesho yake.

“Niizime, niiwashe tena?”

“Usiizime, mwalimu! Utaupoteza.” Fundi akabonyeza kitufe cha herufi kubwa, kitaa kikawaka. “Ona, iko macho. Ni kioo hakijaamka.”

Akachomeka skrini nyingine, maneno yakatokea. Mwalimu akagusa pengo katikati. “Hapa pa mahali alipozaliwa sikujaza. Sikuwahi kumwuliza.”

Fundi hakuwa na kitufe cha hilo.

Asubuhi iliyofuata nilimpigia mama yangu, Bungoma.

“Ati nilizaliwa wapi? Kwani kuna nini?”

Nikachukua kalamu.