Mikono Niliyoihesabu Ufukweni

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kipaza sauti, nikapandishwa nyuma ya pikapu ya ushirika wa wavuvi na wauza samaki wa hapa Gisenyi. Nilikuwa nimekulia Tanzania, Kiswahili changu kimenyooka, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Katibu wa ushirika, mtu asiye na mzaha, alinivumilia nikiupamba mkutano wetu kwa maneno hadi Rugerero, kisha akasimamisha gari.

"We uko unatangaza mukutano ao harusi?" aliniuliza. "Bon. Sema siku, sema fasi, sema jambo. Kisha nyamaza."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi: siku, mahali, jambo. Kwenye milima ya Kanama nilijifunza kukata, yaani kunyamaza gari linapopinda, kwa sababu mlima hurudisha sauti na maneno yanagongana. Mkutanoni kazi yangu ilikuwa kuomba mikono: nasoma swali kwa Kinyarwanda, nalirudia kwa Kiswahili, watu wananyoosha, nahesabu kwa kidole. Ukiwa na shaka unaomba upya. Katibu yule hakuona haya kuniambia niombe hata mara tatu.

Alipostaafu, mambo yote yakashikwa na prezida mpya wa ushirika. Huyu hakuwa na jambo, alikuwa na maneno: hadhi, maendeleo, mama wa kisasa. Alitaka wauza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, waondoke ufukweni, mahali boti zinapofikia, wahamie kwenye vibanda vya juu barabarani. Wanawake walikataa katika mikutano miwili, mke wangu Mama Diane akiwa mstari wa mbele. Sambaza huharibika upesi, na mnunuzi anamtaka yule anayetoka majini sasa hivi. Prezida hakubishana nao. Alialika msanii.

Nililitangaza jina la msanii huyo mpaka Kanzenze, ambako hakuna hata mvuvi mmoja. Siku ya mkutano wa tatu watu walijaa. Kijana akapanda jukwaani na miwani yake myeusi, akasema, "Mama wa kisasa hauzi samaki kwenye mchanga," neno kwa neno kama prezida alivyomwandikia. Sidhani kama aliwahi kununua sambaza maishani mwake. Wanawake walewale waliokataa mara mbili wakamshangilia mpaka nikaona aibu. Alipoanza kuimba, simu zote zikapanda hewani kumrekodi.

Prezida akaniinamia. "Omba mikono sasa."

"Prezida, hawa wanapiga picha."

"Mukono ni mukono. Hesabu."

Nikasoma swali kwa lugha zote mbili, vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa: anayekubali kuondoka ufukweni anyooshe mkono. Nikahesabu. Mkono wa mke wangu ulikuwa pale mbele umeshika simu, na huo nao nikauhesabu. Nilipaswa kuomba upya wimbo ukiisha. Sikuomba, niliogopa kufukuzwa nikiwa nakaribia kustaafu. Nikatangaza kwamba jambo limepita.

Sasa nimestaafu, na Mama Diane anapandisha beseni lake barabarani kila asubuhi, anarudi na nusu yake imeshaanza kunuka. Nawakasirikia watu wanaompa msanii masikio yote wakamnyima mwenye swali. Namkasirikia prezida. Lakini nikifika kwangu mwenyewe, hasira inakosa pa kwenda.

Jumapili iliyopita Mama Diane alikuwa anamwonyesha jirani ile video aliyorekodi mkutanoni, kwa mara ya ngapi sijui. Chini ya wimbo sauti yangu inasikika waziwazi, swali zima, mara mbili. Kisha kidole changu kinapita juu ya vichwa, kinafika kwenye kamera, kinasita kidogo, kinaendelea.

"Ifute hiyo," nilimwambia.

"Nifute ya nini? Musanii ameonekana muzuri," alisema, bila kuinua macho. "Na we pia umeonekana."