Meno ya Juu ya Nyangeta

Mpaka leo nikisikia harufu ya grisi namwona baba akirudi nyumbani kwetu Kirumba kutoka bandarini, mikono myeusi hadi viwikoni. Alikuwa fundi mitambo wa meli, enzi za Mwingereza, na akili alikuwa nazo kweli. Hakuamini kipimo chochote cha mvuke mpaka akigonge kwa ukucha na kukisoma upya. Hata mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani, kila jibu aliniuliza nimelipataje, mpaka nikawa namkimbia.

Kisha mdogo wangu Nyangeta akaota meno. Mama alimfunika uso siku tatu nzima kabla baba hajayaona: mawili, yote ya juu. Kwetu mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, na ilisemwa asipoondolewa nyumbani baba yake hufa. Baba, bingwa wa maswali, hakuuliza hata moja. Alisema tu kwamba mtoto aondoke. Nilimngoja acheke.

Bibi, mama yake baba, akaja kwa mtumbwi kutoka Ukerewe kumchukua. Tulimwamkia, akaketi, akamfungua Nyangeta mdomo, kisha akamtazama mwanawe kwa muda.

"Na wewe ulianza ya juu," alisema. "Nilikuficha hadi ya chini yalipotoka."

Mama aliacha kulia. Nikajua yamekwisha, mtoto anabaki. Baba aliwaza kwa bidii, kama injini ilipomkorofisha. Kisha akasema taratibu, "Ndiyo maana baba yangu alikufa nikiwa mdogo."

Akili ile ile niliyojivunia ilikuwa imefanya kazi yake, tena vizuri. Kesho yake asubuhi bibi aliondoka na Nyangeta. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mwaka alihesabu kuwa ni uthibitisho.

Nilimlaumu yeye peke yake hadi nilipokuwa mtu mzima, ndipo nikaelewa jambo ambalo sijamwambia mtu, ila ninyi. Asubuhi ile nilimbeba Nyangeta hadi mtumbwini. Alinichekea njia nzima na vimeno vyake viwili. Nilipokwisha kumkabidhi kwa bibi, niliingia ziwani hadi magotini, nikajisugua mikono kwa mchanga ili mkosi wake usinishike.

Hakuna aliyenituma. Na bibi aliniona.