Usinitazame, Mama

Kwa miaka kumi na mmoja Lameki alikuwa mtunza stoo katika yadi ya mbao pale Makambako, mtu wa mtaa wa Lyamkena kama wengine, hana makuu. Kisha akanunua kamera. Ilikuwa ya mtumba, mkanda wake umekatika na kufungwa kwa kamba ya kiatu, lakini siku alipoitundika shingoni alipita njia ndefu kurudi nyumbani ili aonwe. Hapo ndipo alipoharibika.

Mwanzoni alikuwa mbovu, na tuliseme tu, maana yeye mwenyewe hasemi. Aliwakata watu vichwa. Alipiga harusi ya Rabson, mwenzake wa pale yadini, bibi harusi akatoka uso mweusi tii, keki ikatoka vizuri sana. Rabson alinuna miezi miwili. Yadi nzima ikampachika Lameki jina la Bwana Keki, na mteja akija kuulizia misumari ya bati anaambiwa, nenda pale kwa Bwana Keki.

Jina lile lilimchoma. Akaapa atajifunza mpaka walifute wenyewe kwa vinywa vyao. Kila Jumamosi alidamka akaenda Njombe kabla jua halijakausha ukungu, akazunguka sokoni na kamera yake. Wauza viazi walimuuliza kama anakwenda kuwauzia Wazungu sura zao. Mama mmoja wa parachichi alimrushia tunda bovu likampata shavuni. Lameki akajifuta, akainama akalipiga picha lile tunda lililopasuka. Nayo ilitoka mbovu.

Mwalimu wake alikuwa Fredy, mtu wa Dar es Salaam ambaye hawajaonana hata leo, mwenye kundi la WhatsApp la watu wanaojifunza kupiga picha. Jumapili jioni kila mtu alituma picha moja, na Fredy aliichana mbele ya wote. "Hii ulipiga ukiwa usingizini?" "Huyu mzee mbona umemwotesha mti kichwani?" Wengi walijitoa. Lameki alibaki, maana matusi ya Fredy yalikuwa na faida ndani yake. Akajifunza kubana pumzi kabla ya kubonyeza. Akajifunza kutazama kwanza kilicho nyuma ya mtu, ndipo amtazame mtu. Akagundua kwamba ule ukungu wa Njombe unaotutesa kwa baridi ni mwanga laini kuliko taa yoyote ya dukani. Mwaka wa pili alimpiga mpakiaji mmoja chini ya gunia la viazi, kainama, uso hauonekani, mvuke unamtoka mgongoni. Fredy akaandika maneno matatu: "Sasa umeanza kuona." Lameki aliyaonyesha kwa kila mtu yadini, hata kwa madereva wa malori waliokuwa wakipita tu kwenda Songea.

Basi, Fredy alikuwa na sheria moja, na Lameki aliimeza nzima nzima bila kutafuna. Mtu akiitazama kamera, alisema Fredy, hiyo si picha, hicho ni kitambulisho. Mtu asijue anapigwa. Ageuke, awe na shughuli zake. Tangu hapo mtu akijipanga mbele ya Lameki, mikono kando, kidevu juu, kama tunavyojipanga sote tukipigwa picha, alimcheka waziwazi.

Sasa tumseme mama yake. Feliciana alikaa kijijini Mdandu, mjane, mwenye shamba la mahindi na viazi na mdomo usioogopa mtu. Alikuwa na haja moja tu kwa kamera ya mwanawe, na aliisema tangu siku ya kwanza. Jirani yake Bertila alikuwa amezikwa bila picha juu ya jeneza. Palikuwa na msalaba mtupu, na waliotoka mbali wakawa wanaulizana kwa minong'ono ni Bertila yupi huyu anayezikwa. Feliciana aliona aibu kwa niaba ya marehemu.

"Mimi nataka yangu," alimwambia Lameki. "Nimevaa sare ya WAWATA, nimekaa kwenye kiti, natazama mbele. Ya kuwekwa juu ya sanduku. Watu wanione."

"Mama, unajichuria."

"Sijichurii, najiandaa. Wewe piga."

Hakupiga. Au tuseme alipiga sana, ila si hiyo. Alimpiga akipalilia, kwa mgongo. Alimpiga akipuliza moto, moshi umemfunika. Mama alipogeuza uso kumwangalia mwanawe, kama mama yeyote angefanya, alifokewa: "Usinitazame, mama! Fanya kama sipo."

"Nifanyeje kama haupo," alijibu Feliciana, "na nimekuzaa mimi?"

Scola, dada yake Lameki, alitaka kumpiga mama picha kwa simu, yaishe. Feliciana akakataa. Alikuwa na mtoto mwenye mashine yake mwenyewe, halafu apigwe kwa kisimu? Wenzake kanisani wangesemaje? Alikuwa akimtetea Lameki kwa watu, na Lameki hakuwa na habari.

Ikafika Jumapili moja ya Mei. Lameki alikuja Mdandu na lenzi mpya ya kuvuta vitu vya mbali, mama akamwambia leo hatoki mtu hapa. Mama alikuwa ametoka misani, sare yake ya akina mama Wakatoliki imenyooka kwa pasi ya mkaa, kitambaa kichwani kimefungwa barabara. Akatoa kiti nje, akafukuza kuku, akakaa. Alinyoosha shingo. Lameki akaweka jicho kwenye kamera, akakiona kile kidevu kilichoinuliwa na yale macho yaliyokodolewa, na moyoni akasema, kitambulisho hicho. Kisha akaiona mikono. Ilikuwa imelala magotini, vidole vimepinda kwa jembe, udongo bado umo kwenye mistari ya ngozi japo ilisuguliwa kwa sabuni ya Jumapili. Akavuta lenzi mpaka mikono ikajaa. Akapiga mara arobaini na sita.

"Nitabasamu?" mama aliuliza.

"Usitikisike tu."

"Nimetoka?"

"Umetoka, mama. Umetoka vizuri."

Feliciana akainuka na furaha ya mtu aliyemaliza kazi kubwa. Siku ile alipita kwa majirani watatu kuwaambia kwamba ameshapigwa picha yake, na Bwana akimwita kesho, aite tu.

Mikono ile ilishika nafasi ya tatu katika mashindano ya kundi la Fredy. Ikabandikwa ukutani kwenye maonyesho yao huko Dar es Salaam, na yadini jina la Bwana Keki likafa. Lameki akachapisha nakala kubwa, akaitia fremu, akampelekea mama. Feliciana aliishika mbali kidogo, akaitazama kwa muda.

"Mikono ya nani hii?"

"Yako, mama."

"Na mimi niko wapi?" Kisha akauliza, "Ile ya kiti je?"

"Ipo kwenye kompyuta," alisema Lameki. "Nitaichapisha."

Alidanganya bila kupepesa. Njiani kurudi Lyamkena aibu ilimgusa, akajiambia atakuja kuipiga Agosti, mara moja tu, kumridhisha bi mkubwa. Mama alikuwa na afya, haendi popote.

Julai, baridi ilipokaza, kichomi kilimwangusha Feliciana. Alilazwa Njombe siku nne, ya tano akafariki. Scola alipiga simu akilia, na katika kilio hicho hicho akasema, "Njoo na ile picha. Mama aliniambia unayo. Hata juzi alisema, picha ipo, msihangaike."

Lameki alifungua kompyuta asubuhi ile, na alikuwa mwerevu vya kutosha kujua atakachokuta. Picha za mama zilikuwa mia tatu na zaidi. Migongo. Moshi. Sikio moja na kitambaa. Mikono, mikono, mikono. Akachukua kadi ya mpigakura ya marehemu, akakimbilia kwa mchapaji wa mjini amkuzie kile kipicha cha pembeni. Kilitoka cha kijivu, madoa matupu, sura ya mtu anayetafutwa na polisi.

Scola alikigeuza kifudifudi juu ya meza. "Ya kwenye kiti iko wapi?"

Lameki akampa kamera. Scola alizipitia zote arobaini na sita, moja baada ya nyingine, pole pole, kana kwamba uso ungejitokeza mbele. Alipofika mwisho alimzaba kofi mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya viazi vya msiba, na hakuna aliyesema acha.

Jeneza likawekwa msalaba mtupu. Watu wa kutoka Makete, ukoo wa mumewe Scola, waliulizana kwa sauti ya chini marehemu alikuwa yupi, na Lameki aliyasikia yote, maana alikuwa amesimama karibu nao akitafuta pa kujificha.

Baada ya misa ukafika wakati wa kuaga. Kama desturi, kifuniko kilifunguliwa upande wa kichwa, na ndugu wakajipanga nyuma ya jeneza ili wapigwe picha ya mwisho pamoja na mwenzao. Hakuletwa mpiga picha mwingine. Nani alete mpiga picha kwenye msiba wa mpiga picha?

Shangazi Dorosela, dada wa marehemu baba yao, ndiye aliyekuwa mkubwa pale. "Lameki," aliita. "Kamera."

Akaja mbele. Kwa mazoea akatazama kwanza kilichokuwa nyuma: miti ya misindano, na ukungu unashuka taratibu. Ndipo akamtazama mama yake. Wanawake walikuwa wamemvika sare. Uso wote ulikuwa wazi, kidevu kimeinuka kidogo, mwanga laini pande zote, mwanga ambao alikuwa ameufuata miaka mitatu. Akaishusha kamera.

"Shangazi, siwezi."

"Piga," alisema Dorosela, wala hakupandisha sauti. "Leo hakutazami. Si ndivyo ulivyokuwa unataka?"

Scola alikuwa ameinua kidevu chake, anatazama mbele moja kwa moja. Lameki akabana pumzi, akabonyeza.

Ndiyo picha pekee ya uso wa Feliciana ambayo Lameki amewahi kuipiga, na imetoka safi.